Wageni Wakija Kumwona Mtoto Mwerevu

Desemba ikifika katikati, mabasi ya kutoka Nairobi huwashusha watu Kanduyi, Bungoma, alfajiri, macho mekundu, nauli ikiwa imeshapanda. Mahindi ya Trans Nzoia yamo uani yanaanikwa. Bungoma, kila boma linahesabu kuku wake. Ikiwa nyumbani kwako, Mabanga au Kitale, yuko mtoto ambaye walimu wanamtaja kwa akili zake, basi una hesabu ya ziada kichwani: nani atamwuliza nini, mbele ya nani, naye atajibu vipi.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa mtoto huyo. Msimamo wangu ni kwamba kinachomchosha zaidi likizoni ni kugeuzwa mali ya ukoo. Shuleni ana ratiba, ana mwalimu, ana wenzake wawili watatu wanaoelewa mzaha wake. Nyumbani, msimu wote wa wageni, anakuwa mtoto wa kuonyeshwa wageni. Ukilipunguza hilo, kelele na msongamano atavivumilia kama watoto wengine wanavyovivumilia.

Ni mtoto yupi huyu

Si lazima awe namba moja darasani. Wako walio namba moja, na hao ukoo unawajua. Lakini yuko pia yule aliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia mandazi kabla hajaanza shule. Yuko aliyefungua redio ya kuka, babu yake, akashindwa kuifunga. Yuko msichana anayeuliza mazishini kwa nini mhubiri amesema hivi na Jumapili iliyopita alisema vile, na mvulana anayechora mkondo wa Mto Nzoia bila kutazama ramani, ilhali daftari lake la Hisabati limejaa wino mwekundu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawataja wanafunzi wenye vipawa vya pekee katika sehemu ileile inayozungumzia elimu ya mahitaji maalumu. Wazazi wengi wakiambiwa hivyo hushtuka: mtoto ana akili nyingi, mahitaji maalumu ya nini? Ukiishi naye utaelewa. Mtoto huyu hakui kwa mwendo mmoja. Anajadili katiba kama kijana wa miaka kumi na sita, halafu dakika kumi baadaye analia kwa sababu binamu amekalia kiti chake. Mwaka 1991, kikundi cha wazazi, walimu na wanasaikolojia wa Marekani kilichoitwa Columbus Group kilisema kwamba mwendo huo usiolingana ndio kiini chenyewe cha kipawa. Sijui kama wote walioandika juu ya watoto hawa watakubali, lakini kwa Krismasi ya kijijini maelezo hayo yanatosha. Yatakuzuia kumwambia, "Mtu mwenye akili kama wewe analia nini?" Akili haimzuii mtu kulia. Mara nyingi humwongezea sababu.

Kabla wageni hawajafika

Kwanza mtafutie pa kujificha. Nyumba ikijaa, watoto kumi hulala sebuleni kwenye magodoro na mikeka, na mtoto anayesikia kila kitu hapati usingizi. Chini ya mparachichi panafaa mchana. Lakini mahali bora kuliko pote ni chumbani kwa kukhu, bibi yake, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumtoa mtu kwa kukhu. Zungumza na bibi mapema. Usimwambie mtoto ana matatizo, mwambie tu, "Mayi, ukimwona amekuja kwako na kitabu, mwache akae." Mabibi wengi hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Pili, mwambie mtoto ratiba. Mtoto wa aina hii huteswa na asichokijua kuliko anachokijua. Nani anakuja, siku gani, atalala wapi, ataondoka lini, kanisani ibada itachukua muda gani, kama kuna mahari ya kupelekwa au kumbukumbu ya marehemu. Mwandikie, au mwachie aandike yeye. Wengine hufurahi sana ukiwapa upangaji wenyewe: mpe orodha ya wageni na pakiti za unga, akuambie chapati zitatosha au hazitatosha. Atakosea mara ya kwanza, kwa sababu hajui khocha wake, kaka wa mama, hula ngapi.

Matokeo na pesa

Hapa ndipo penye moto, kwa hiyo nitakaa kidogo.

KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, ilifanywa 2023. Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, yalitangazwa Desemba 2025, wiki mbili kabla ya Krismasi. KCSE ya kidato cha nne nayo, miaka ya karibuni, imekuwa ikitangazwa Januari. Maana yake ni kwamba watu wanakutana mezani wakati ule ule ambapo mtoto ama ameshika matokeo mkononi au anayangojea. Mfumo mpya hauwapangi watoto kwa namba za nchi nzima. Unasema amezidi matarajio, amefikia, anakaribia au yuko chini. Ukoo haujali. Ukoo umeshajua kwamba masomo ni tisa, kila somo lina pointi nane, jumla 72, na swali litakuwa hilo hilo: ngapi kati ya 72?

Kubaliana na mtoto kabla ya siku hiyo kama namba itasemwa au haitasemwa. Umwulize yeye kweli, na jibu lake liwe ndilo. Wako wanaopenda isemwe. Akikataa, wewe mzazi ndiye wa kujibu, na ujibu haraka kabla hajageuziwa macho: "Khocha, amefanya vizuri, ametufurahisha. Shule tutakuambia akipangiwa. Hebu njoo kwanza uone huyu ndama." Kaka wa mama akipewa ndama wa kutazama hasumbui tena kwa nusu saa. Na karatasi ya matokeo usiitume kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ina namba yake ya mtihani, na zaidi ya hapo, ikishaingia humo itamfuata hadi aoe.

Vivyo hivyo kanisani. Kusimamishwa mbele ya waumini apigiwe makofi ni heshima kwa mzazi; kwa mtoto inaweza kuwa usiku mzima wa tumbo kuuma. Mwulize kwanza. Akisema hapana, sadaka ya shukrani unaweza kuipeleka wewe.

Sasa pesa. Katika sehemu zetu mtoto mwenye akili husomeshwa na wengi, na hilo ni jambo jema ambalo limewatoa watu wengi gizani. Lakini Krismasi ndipo kila aliyechanga anapokuja kuutazama mchango wake. Shangazi aliyetoa elfu tano mwaka juzi anamshika bega: "Nimekulipia mimi, usiniangushe." Hana nia mbaya. Mtoto wa kawaida husahau maneno hayo jioni. Mtoto mwenye kipawa huyabeba, anayapigia hesabu, anajumlisha wote waliochanga, na ifikapo Januari anaamini kwamba akipata pointi moja pungufu ameangusha nyumba saba. Watoto hawa huogopa kukosea hata kabla ya kutishwa.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Mshukuru senge, yaani shangazi huyo, wewe mwenyewe, kwa jina, mbele ya watu, ili asihitaji kudai shukrani kwa mtoto. Kisha mtoto mwambie faraghani, kwa maneno yaliyo wazi: karo ni deni la watu wazima; wewe huna deni la mtu. Kama mnafanya harambee ya karo wakati wa likizo, asiketi mbele kama bidhaa ya mnada. Aje asalimie, aende zake acheze. Na sentensi moja uifute kabisa kinywani mwako mpaka Februari: "Sisi sote tunakutegemea wewe."

Akiitwa mjuaji

Itatokea. Mzee anasimulia kwamba mwezi huwa mkubwa ukichomoza kwa sababu uko karibu, na mtoto anasema, "Hapana, kuka, si hivyo." Kimya. Mtu ananong'ona "mjuaji." Mwingine anakulaumu wewe.

Usimchape wala usimtetee hadharani. Mfundishe adabu ya kusahihisha, maana ipo, na watu wazima wa hapa wanaitumia kila siku wanapozungumza na wakubwa wao. Kwanza anamwacha mzee amalize. Pili anauliza badala ya kukanusha: "Kuka, na wale wanaosema ni macho yetu yanadanganyika, wamekosea wapi?" Tatu, jambo lisilo na madhara linaweza kungoja hadi wawili hao wabaki peke yao. Akiona mtu anataka kumpa mtoto mchanga dawa isiyofaa, asingoje. Aseme papo hapo. Mweleze tofauti hiyo. Ataielewa upesi, na huenda akakushangaza kwa mifano yake mwenyewe.

Upande wa pili ni wako. Mtoto anayeuliza maswali mia hakusumbui kwa swali la mia. Anakusumbua kwa sababu tisini na tisa hayakujibiwa. Sema "sijui" bila aibu, halafu mpeleke kwa anayejua. Na Desemba wanaojua wako nyumbani. Muunganishe na kuka juu ya marika ya Wabukusu: ni manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi na mengine hadi Sawa, na mzunguko mzima huchukua kama karne moja kabla jina kurudi. Mpe mtoto rika la babu wa babu yake, mwachie penseli. Hilo ni fumbo la hesabu na historia kwa pamoja, na mzee ndiye mwenye ufunguo, kwa hiyo heshima inarudi mahali pake bila hotuba. Kutoka hapo watafika wenyewe kwenye vita vya Chetambe vya 1895 dhidi ya Waingereza, na kwa Elijah Masinde na Dini yake ya Msambwa, na risasi ambazo polisi waliwapiga wafuasi wake Malakisi mwaka 1948. Mzee ambaye shuleni hakufika mbali huwa kitabu cha maana kwa mtoto huyu.

Yule mwingine

Mwongozo wa mtoto mwerevu usiomtaja ndugu yake haufai kitu. Yule mdogo, au mkubwa, ambaye hajatajwa na mwalimu yeyote, Krismasi yake ni ngumu kuliko ya huyu. Kila mgeni anaulizia mwenzake. Anapewa mia mbili, mwenzake mia tano "ya kalamu." Zawadi za pesa zikija hivyo, chukua zote, uzigawe sawa usiku, na uwaambie wazi kwamba ndivyo mtakavyofanya kila mwaka. Mwenye akili atalalamika juu ya haki; mpe nafasi alalamike, halafu gawa sawa vilevile.

Mpe yule mwingine jukumu ambalo nyota wa nyumba haligusi: kuchinja kuku, kuongoza binamu mtoni, kuendesha ng'ombe, kumlea mtoto wa shangazi. Na usiseme "huyu ana akili za vitabu, yule ana za mikono." Watoto huzisikia lebo hizo kama hukumu, wote wawili.

Binamu wa mjini wana taabu yao. Wamekuja na Sheng na simu, na mtoto wako amekuja na maswali. Usilazimishe urafiki wa kundi zima. Binamu mmoja anayependa kitu kimoja naye anatosha, hata kama wamepishana miaka minne.

Kazi yenye kichwa

Dawa niiaminiyo kuliko zote kwa mtoto huyu likizoni ni kazi halisi ya nyumbani iliyo na fumbo ndani yake. Bahati nzuri Desemba ya huku ni ya mahindi.

Mpe jaribio la chumvi. Atafute chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Atie mahindi hadi theluthi moja, aongeze vijiko kadhaa vya chumvi kavu, afunge, atikise vizuri, kisha aiache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kisha mwambie sehemu inayonoga: ghala za Halmashauri ya Nafaka zinataka asilimia 13.5. Kwa hiyo chupa inaweza kusema yamekauka na ghala likayakataa. Yaanikwe muda gani zaidi? Arudie kila jioni, aandike hali ya jua, alinganishe ya juu ya turubai na ya chini. Mweleze pia kwa nini ni muhimu, kwamba unyevu ndio unaoleta ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho. Mtoto akijua kwamba daftari lake linalinda chakula cha watu, hatauliza tena kwa nini afanye kazi.

Akimaliza hapo, magunia. Gunia ni kilo 90. Broka anataka bei hii leo uani, ghala linalipa ile lakini usafiri ni wako na malipo yanaweza kuchelewa. Afanye hesabu, akuletee ushauri. Uusikilize kwa dhati, na ukiukataa umwambie sababu. Asipukuchue mchana kutwa, lakini. Huyu bado ni mtoto aliye likizoni.

Kwa matembezi, huhitaji kwenda mbali. Chuo cha mafunzo ya wakulima cha Mabanga kina mashamba na mifugo ya kufundishia, na kwa aliye Mabanga ni papo hapo; uliza kwanza kama kuna mtu wa kuwapokea siku hizo. Mtoto mkubwa kidogo atapenda kujua kwamba mwaka 2011 jamii za Mlima Elgon zilikaa chuoni humo kuzungumza amani. Aliye Kitale ana jumba la makumbusho mjini, lililoanzia kwenye mkusanyo wa wadudu na vitabu wa mlowezi aitwaye Stoneham, na mbele kidogo iko Saiwa, hifadhi ya taifa ya kilomita tatu hivi za mraba, iliyotengwa kwa ajili ya nzohe, paa anayeishi kwenye kinamasi. Na kama hakuna nauli, mbingu ni bure. Usiku wa Desemba 13 kuamkia 14 huwa na vimondo vingi vya Geminid, na sisi tulioko karibu na ikweta tunaziona nyota za kaskazini na za kusini, jambo ambalo mtoto wa London hawezi. Toeni mkeka, zimeni taa ya nje.

Kuhusu tuition

Usimpeleke. Sheria ile ya 2013 inakataza masomo ya likizo, na faini yake ni hadi shilingi laki moja au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Watu wanazunguka sheria hiyo kila Desemba, najua. Lakini mtoto huyu hasa ndiye asiyehitaji kurudiwa alichokwisha kujua. Mwache hata achoke kwa kukosa la kufanya siku moja mbili. Mengi ya maana huanzia hapo.

Agosti ya mwaka wa shufwa

Nje ya Desemba iko likizo nyingine ya kutazama: sikhebo, yaani tohara ya wavulana wa Kibukusu, hufanyika Agosti ya miaka ya shufwa, kwa hiyo kwa familia hizo likizo hiyo ina uzito wake. Nina neno moja tu. Mvulana aliyerushwa darasa, anayesoma na wakubwa wake, huonekana ameshaiva kuliko alivyo. Marafiki zake wanapiga chinyimba, kengele za watahiriwa, naye anataka kujiunga, au ukoo unasema "huyu ana akili, yuko tayari." Utayari wa sikhebo haupimwi kwa ripoti ya shule. Mtazame umri wake wa mwili na moyo. Na kama ni wakati wake, jibu maswali yake yote mapema, hata yale ya hospitali na usafi wa kisu. Mvulana wa aina hii anayejua kila hatua husimama imara. Anayefichwa huanza kuwaza mabaya kuliko yaliyopo.

Mambo yakizidi

Kichwa au tumbo kuuma kila wageni wakija, kukosa usingizi siku nyingi, hasira zisizo za kawaida, kuacha ghafla alichokuwa akikipenda, kusema yeye hafai au heri asingekuwapo. Hayo ya mwisho usiyachukulie kama maneno ya utoto hata mara moja. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke kwa daktari. Simu 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure nchini kote, na mzazi pia anaweza kupiga. Shule zikifunguliwa, ulizia kituo cha tathmini ya elimu, kile kinachojulikana kama EARC, kilicho karibu nawe. Watu hudhani ni cha wenye ulemavu peke yao. Nenda ukaulize juu ya kipawa pia.

Mwisho ni Januari yenyewe. Jitahidi wageni wawe wameondoka siku chache kabla shule hazijafunguliwa, nyumba ipate kupumua. Kama anaingia Gredi ya 10 bweni, orodha ya vitu mwachie yeye: aende nawe soko la Chepkube, alinganishe bei za sanduku duka kwa duka, aamue, wewe ubebe pesa. Godoro nunueni mwisho, la sivyo mtazunguka nalo soko zima.